Ndiyo ya Mzee Mafabi

Kuna watu ambao Mungu aliwapa miguu akasahau kuwapa makalio. Zulaika alikuwa mmoja wao. Mumewe Sulaiman, fundi cherehani mtulivu ambaye angeweza kukaa kwenye kigoda kimoja tangu alfajiri hadi magharibi, aliapa kwamba hajapata kumwona mkewe akimaliza chai ameketi. Angepiga mafunda mawili, aache kikombe dirishani, na chai ingepoa peke yake huku mwenyewe yuko ng'ambo ya mto anaamua ugomvi wa mbuzi. Watu wa mitaa ya chini ya mlima Wanale walimwita Kiguu na Njia, wengine mbele ya uso wake. Yeye alicheka tu, maana hakuwa na muda wa kukasirika.

Basi wazee wa upande ule wa Mbale walipotakiwa kumchagua mwanamke wa kuwasemea barazani, walimpigia kura yeye. Kiti hicho kipo kwa sheria, kiti cha kansala, yaani diwani, wa wazee, na waliokikalia kabla yake walikitumia kwa kusinzia. Zulaika, na umri wake wa miaka sitini na kitu na goti moja bovu, aliingia barazani kama mtu aliyeona moshi jikoni.

Moshi ulikuwepo kweli. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hakuna anayelijua hilo kama mzee mwenye kipande cha ardhi. Waliokuwa wakiwaibia wazee wake hawakuwa majambazi, walikuwa watoto wao. Mjukuu anatumwa kuchukua posho ya uzeeni ya serikali, anarudi na nusu yake na maneno matamu. Mkwe anamshikia bibi simu ili asiipoteze, na fedha zinazotumwa humo zinapotelea humo humo. Mwana anampeleka baba kwa mwenyekiti wa kijiji, anamshika kidole gumba, anakibonyeza kwenye karatasi, na mzee anarudi nyumbani hana shamba. Zulaika alipiga kelele barazani juu ya mambo haya mpaka wenzake wakaona afadhali wamkubalie kuliko kuendelea kumsikiliza.

Ikapitishwa kanuni. Mwenyekiti yeyote wa kijiji asigonge muhuri kwenye mauzo ya ardhi ya mzee mpaka mzee huyo asikilizwe peke yake, jamaa zake wote wakiwa nje. Wanaomsikiliza ni wawili tu, kansala wa wazee na afisa wa maendeleo ya jamii. Mkalimani haruhusiwi, kwa sababu kila mkalimani aliyewahi kuletwa alikuwa shemeji wa mtu. Na afisa lazima ayasikie maneno ya mzee kwa masikio yake mwenyewe, asiambiwe na yeyote. Kipengele hicho cha mwisho alikitunga Zulaika, na alikipenda kama kitindamimba wake.

Afisa mwenyewe aliitwa Mukama, kijana mpole wa Kinyoro kutoka upande wa Hoima, aliyevaa viatu vyeusi vya kufunga kamba hadi juu ya kifundo kwa ajili ya tope la mlimani. Kigisu, lugha ya wenyeji wa mlimani, hakukijua hata cha kuombea maji. Zulaika naye, ingawa utu uzima wake wote ameumalizia Mbale kwa mumewe, Kigisu chake kilikuwa cha sokoni: aliweza kuuliza bei ya ndizi, kulalamika kwamba ni ghali, na kuondoka amenuna. Akizidisha hapo, wanawake walishika mbavu. Kwa hiyo katika chumba kile cha kusikilizia wazee walisema Kiswahili.

Na Kiswahili kwa Zulaika kilikuwa ndio nyumbani kwenyewe. Alizaliwa Jinja, Walukuba, katika zile nyumba za safu safu za wafanyakazi, binti wa askari Mnubi. Baba yake aliwaita watoto kula kwa Kiswahili, akawabembeleza kwa Kiswahili walipougua, na siku ya kufa kwake aliomba maji kwa Kiswahili. Binti yake aliona ni lugha ya katikati, si ya Mgisu wala ya Mnyoro, basi haiwezi kumwonea mtu.

Alhamisi moja akaletwa Mzee Mafabi.

Aliletwa na mwanawe Gaster, ambaye alimshika mkono mpaka mlangoni kwa heshima iliyozidi kipimo. Ulikuwa mwaka wa tohara. Ngoma za imbalu zilikuwa zimeanza kusikika huko vilimani, na mtoto wa Gaster alikuwa miongoni mwa vijana watakaosimama mbele ya kisu. Gaster alieleza kwamba mzee ameamua kuuza shamba lake la kahawa ili mjukuu wake asimame kwa heshima. Nani angethubutu kusema neno? Kwa Wagisu, anayezuia tohara ya kijana atasemwa mpaka kaburini. Zulaika, mke wa kuja, tena Mwislamu ambaye kwao wavulana hutahiriwa wangali wadogo bila ngoma wala fahali, aliona hapo si mahali pa kutia mguu wake. Akamtoa Gaster nje, akafunga mlango.

"Karibu, baba. Kaa. Unanisikia?"

"Ndiyo, afande."

Zulaika alicheka. Huku kila mwenye kalamu ni afande. "Mimi si afande, baba. Mimi mama Zulaika tu."

"Ndiyo, afande."

"Hii shamba yako ya kahawa, wewe mwenyewe unataka kuuza?"

"Ndiyo, afande."

Mukama aliinua uso. "Mzee, iko mtu anakulazimisha?"

"Ndiyo, afande."

Zulaika na Mukama wakatazamana.

"Mzee, nauliza hivi." Mukama alisogea mbele akapaza sauti, akidhani tatizo ni masikio. "Hakuna mtu anakulazimisha. Si ndiyo?"

"Ndiyo, afande."

"Haya. Sasa amesikia," Mukama akasema, akaandika.

Mzee alikuwa ameketi kwenye ncha ya kiti, mgongo wima, viganja juu ya mapaja, macho ameyaelekeza ukutani. Asubuhi ilikuwa ya baridi, lakini jasho lilimteremka shingoni. Zulaika aliliona jasho lile. Akalihesabia uzee, akatia sahihi. Jumatatu mnunuzi angeleta fedha, mwenyekiti wa kijiji angegonga muhuri, na mambo yangekwisha.

Mambo hayakwisha. Kesho yake Zulaika alitia chumvi kwenye wali mara mbili. Alianza kufagia uani, akaacha ufagio katikati, akaenda kwa jirani kuuliza kitu, akafika akakisahau. Sulaiman alimtazama kutoka kwenye cherehani yake mpaka uzi ukamkatikia.

"Mke wangu, pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

"Inaniwasha, ndiyo. Mtu anaulizwa kama analazimishwa, anasema ndiyo. Anaulizwa kama halazimishwi, anasema ndiyo. Hiyo ni ndiyo gani?"

"Ya mzee asiyesikia vizuri."

"Anasikia! Kule nje Gaster alimnong'oneza kwa nyuma, akageuka mara moja."

Sulaiman aliinamia cherehani. Akatunga uzi upya. Zulaika alizunguka mtaani akiuliza habari za nyumba ya Mafabi, na kabla ya swala ya alasiri alikuwa ameshajua kwamba mzee ana binti mmoja, Nabifo, muuza dagaa huko Walukuba, na kwamba hakuna aliyemwambia habari za kuuzwa shamba. Walukuba! Zulaika aliona kama ameitwa kwa jina. Jumamosi asubuhi akapanda gari la Jinja, chai yake ikabaki dirishani kama kawaida.

Alimkuta Nabifo mbele ya nyumba, anageuza dagaa juu ya magunia yaliyotandazwa juani. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, kanga imefungwa kifuani, mikono inang'aa magamba. Zulaika alitoa salamu, akajitaja, akauliza kama ndiye Nabifo wa Mzee Mafabi.

"Ndiye mimi." Mikono ya Nabifo ilisimama. "Amekufa?"

"Hajafa, binti yangu. Anauza shamba ya kahawa."

Nabifo aliketi chini pale pale, nusu juu ya dagaa. "Hawezi. Mama yetu amezikwa kwa hiyo kahawa. Kila asubuhi baba anaenda kusalimia yeye mbele ya kunywa chai. Mzee anaweza kuuza kichwa yake kwanza."

"Gaster amesema ni ya imbalu."

"Imbalu inataka ng'ombe moja na pombe. Shamba nzima ya nini? Gaster anataka gari ya kubeba kabichi, miaka yote anaimba hiyo gari."

"Lakini mzee amekubali mwenyewe! Mimi nimemuuliza. Mlango tumefunga, Gaster iko nje."

Nabifo alimgeukia. Halafu akauliza, taratibu, "Mama, umemuuliza kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili."

Yule mwanamke alifunika uso kwa mikono yake yenye magamba. Zulaika alidhani analia, lakini alipoitoa macho yalikuwa makavu.

"Mama, baba yangu hajawahi kukataa kitu kwa Kiswahili."

Akamsimulia. Ilikuwa miaka ile ya utawala wa wanajeshi, Mafabi kijana, hata Nabifo hajazaliwa. Yeye na kaka yake mkubwa walikuwa wakisukuma baiskeli mpya kwenda mjini, gunia la kahawa juu yake. Wakakuta kizuizi barabarani. Askari wakawauliza, kwa Kiswahili na kwa kicheko, kama baiskeli hiyo wanawapa wao kwa hiari. Kaka mtu akasema hapana. Kitako cha bunduki kikamshukia kichwani, akatupwa kwenye lori, na ukoo wa Mafabi haujamwona tena mpaka leo, si mzima wala maiti. Kisha askari wakamgeukia mdogo mtu, wakamuuliza swali lile lile. Akajibu alivyojibu. Wakamsimamisha wima, wakamlazimisha kulirudia jibu hilo mpaka wao wenyewe wakachoka kulisikia.

"Tangu hapo," Nabifo alisema, "polisi akija na Kiswahili, ndiyo afande. Mtu wa kodi, ndiyo afande. Wakenya wakija kununua kahawa, mama ndiye alikuwa anasimama mbele, baba anaingia jikoni anajificha. Hata redio ikianza Kiswahili anazima."

"Na Gaster anajua hii?"

"Sisi wote tunajua. Wewe unafikiri Gaster amefurahi bure kumleta kwako?"

Zulaika alihisi uso wake unawaka mpaka masikioni. Kanuni yake! Kanuni aliyoipigania mpaka sauti ikamkauka, na mwizi ameikuta imefunguliwa kama mlango, akapita nayo kwa adabu zote. Alimchukia Gaster. Alijichukia zaidi. Nabifo alikuwa ameshaanza kukusanya magunia ili wafuatane, Zulaika akamzuia. "Ukija, Gaster atasema nyinyi mmemlazimisha mzee. Abaki aseme mwenyewe. Wewe niombee tu."

Njia nzima ya kurudi, mabonde ya mpunga yakipita dirishani, hakuweza kutuliza hata vidole. Baba yake alibeba bunduki miaka ile ile. Alikuwa baba mwema, mwenye kunyoosha kanzu yake kila Ijumaa, na binti yake hakupata kumuuliza alisimama barabara ipi, wala alisema nini kwa nani, kwa ulimi ule ule alioombea maji. Sasa hapakuwa na wa kuulizwa. Na wale wengine? Wazee wote walioketi kwenye kile kiti kwenye chumba kile na kusema ndiyo? Alimkumbuka Mama Gorreti, kikongwe wa mwezi uliopita, aliyesema ndiyo huku akitazama mlango. Shamba la Mama Gorreti lilikuwa limeshapandwa kabichi za mtu mwingine. Zulaika aliomba gari liende haraka, kisha akaogopa kufika.

Jumapili Gaster na jamaa zake walikuwa wamekwenda na kijana kwa wajomba, kucheza ngoma na kupokea zawadi. Zulaika alipanda kilima, goti likimsuta kila hatua, akamkuta Mzee Mafabi peke yake katikati ya mibuni, anapogoa. Hakumtambua mgeni wake. Kule ofisini hakuwa amemtazama usoni hata mara moja.

"Mulembe, papa," Zulaika alisalimu.

Mzee aliitikia vizuri, akangoja. Hapo ndipo Zulaika alipogundua kwamba hana maneno. Kigisu cha kuuliza mtu kama ameonewa hakikuuzwa sokoni alikokinunulia chake. Akabaki na kile alichonacho. Akanyoosha mkono kuelekea mibuni, akauliza kama anavyouliza mkungu wa ndizi: hili, bei gani?

Mzee alicheka. Alicheka lafudhi yake kwanza, kwa raha, meno mawili yakionekana. Kisha kicheko kikaisha, akamjibu kwa Kigisu, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni aliyepotea: haliuzwi. Mke wangu amelala hapa. Ni nani amekutuma, mama mchuuzi?

Zulaika hakusema aliyemtuma. Aliteremka kilima nusu anakimbia, akamtafuta Mukama mpaka akamngojea nje ya kanisa.

"Amekataa! Nimesikia mimi."

Mukama alisikiliza kisa chote, na uso wake ulibadilika Zulaika alipofika kwenye lori. Lakini alitikisa kichwa. "Mama, nakuamini. Lakini mimi sijasikia. Gaster ataenda kortini, atasema kansala ametafsiri uwongo. Kanuni inasema nisikie mwenyewe. Wewe ndiye uliitaka hivyo."

Ni kweli, yeye ndiye aliitaka hivyo. Angeweza kukichana kile kipengele kwa meno.

Jumatatu asubuhi walikuwa shambani mapema, lakini Gaster aliwatangulia. Mnunuzi alikuwepo na mfuko wake, mwenyekiti wa kijiji na muhuri wake. Zulaika alitangaza kwamba mzee atasikilizwa tena, hapa hapa, jamaa wote wasogee mpaka barabarani. Gaster hakubisha hata kidogo.

"Muulizeni tu, mama Kansala," alisema akitabasamu. "Kwa Kiswahili, afisa asikie. Si ndiyo kanuni?"

Akaondoka akipiga mluzi. Zulaika alitamani kumrushia kiatu.

Mukama alimkaribia mzee. "Mzee, habari ya asubuhi. Unauza shamba?"

Mtu yule aliyecheka jana alipoulizwa bei alitoweka. Panga la kupogolea lilimtoka mkononi, miguu ikakutana, mgongo ukanyooka, macho yakaenda mbali, juu ya bega la Mukama.

"Ndiyo, afande."

"Kaa chini," Zulaika alimwambia Mukama kwa ukali.

"Mama?"

"Chini, udongoni! Na hiyo viatu yako ifiche."

Mukama akakaa, magoti kifuani, viatu chini ya majani ya migomba. Zulaika akamsogelea mzee. Alisema kwa Kigisu chake kibovu, akichanganya, akikosea, akiokota neno hapa na neno pale: huyu mtoto hapigi. Hapa hakuna lori. Papa, mimi jana nimekuuliza bei, umeniambia haliuzwi. Huyu naye lazima asikie, kwa lugha ile, kutoka kwako. Usiposema, mama wa Nabifo anauzwa leo.

Hakujua kama ameeleweka. Hakujua hata kama alichosema ni maneno. Alikuwa na hamu kubwa ya kumsemea. Neno lenyewe lilikuwa fupi, lilikuwa limemjaa kinywani, naye alilazimika kulimeza, huku kule barabarani mluzi wa Gaster ukiendelea.

Mzee alitazama mahali fulani katikati ya mibuni. Shingo yake ilianza kulowa.

"Mzee," Mukama alisema kutoka chini, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Unauza shamba?"

Midomo ilifunguka. Ilianza kulitengeneza lile neno la siku zote, Zulaika akaliona likija. Ikafungika. Ikafunguka tena, bila sauti. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyebebeshwa mzigo wa wawili.

"Hapana," Mzee Mafabi alisema.

Akarusha mikono yote miwili juu ya kichwa, viwiko vimekutana mbele ya uso, magoti yamekunjika, macho amefumba, akangoja.

Mukama alikuwa amesikia, na kwa kusikia kwake shamba lilikuwa limebaki. Kalamu ilikuwa imemponyoka. Machozi yalimlengalenga, akanyanyua uso, akafungua kinywa ili amwambie mzee kwamba yamekwisha, kwamba yuko salama, kwamba hakuna atakayempiga. Zulaika alimziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, kwa sababu neno lolote ambalo kijana yule angelisema, lingekuwa kwa Kiswahili.